Niliwaambia Samaki Hasikii

Kinampanda, Jumatatu, wiki ya mwisho ya Januari

Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne. Sasa ni saa kumi na moja jioni na jua limetoka kama vile halikuhusika na lolote. Matope yamefika mpaka mlangoni. Viatu nimeviacha nje, nimekaa kibarazani na simu yangu, na nina ule uchovu wa mtu aliyesema leo jambo alilopaswa kulisema zamani.

Sijaandika hapa muda mrefu. Leo nisipoandika nitaanza kujidanganya kwamba mambo hayakuwa hivi.

Naanza na aibu yenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa na Kidato cha Tatu, mada ni milango ya fahamu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kufundisha baiolojia, na mada hiyo naweza kuifundisha nimefumba macho. Nilichora sikio la binadamu ubaoni, nikaandika majina ya kila sehemu, halafu ili kuwachangamsha nikasema: "Mbwa ana masikio, mbuzi anayo, popo ndiyo usiseme. Samaki je? Hana. Samaki hasikii."

Mkono ukapanda. Alikuwa Elinipa, binti wa dawati la pili karibu na dirisha. Ni mpole, haongei mpaka awe na la kusema. Mama yake anafuga samaki kwenye mabwawa mawili kule bondeni, chini ya kijiji.

"Mwalimu, wa kwetu wanasikia. Mama akigonga ndoo wanakuja."

Darasa likacheka. Ningeweza kuliacha hapo. Ningeweza hata kumuuliza ndoo inagongwaje. Badala yake nikasema, "Hao wanaona kivuli cha mama yako, au wamezoea saa ya kula. Hapa tunafanya sayansi, hatuleti habari za bwawani."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hicho nilikitengeneza mimi.

Kufikia mapumziko walishaanza kumwita Mama Kambale. Nilisikia nikiwa napita kwenda ofisini. Nilipita.

Ijumaa iliyopita mwalimu wa taaluma alinipa orodha ya wanafunzi na michepuo waliyochagua, niipitie kabla haijafungwa Jumatatu. Elinipa, ambaye mwaka jana aliwaacha wenzake mbali kwenye masomo yote ya sayansi, alikuwa ameandika sanaa. Nikamwita.

"Mbona sanaa?"

Alisimama mikono nyuma, macho chini. "Naona sayansi siyo ya watu wa bwawani, mwalimu."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kwa adabu kamili, kama mtu anayejibu swali aliloulizwa. Nikamwambia arudi darasani.

Jumamosi asubuhi nikashuka bondeni.

Sijui nilikwenda kutafuta nini. Sehemu yangu moja ilikwenda kuomba radhi. Sehemu nyingine, naikiri hapa kwa kuwa hapa ni kwangu, ilikwenda kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi, ili radhi yenyewe iwe fupi.

Mama Elinipa alikuwa anakata majani kando ya bwawa la juu. Ni mwanamke mrefu, ana miaka kama mitano au sita zaidi yangu, na kanga yake alikuwa ameifunga juu ya magoti. Aliponiona uso wake ulibadilika. Mwalimu haji nyumbani kwa mtu bila kesi.

"Karibu mwalimu. Kuna jambo? Mtoto amekosea?"

"Hapana mama, mtoto hana kosa. Nimekuja kuona samaki."

Aliniangalia kidogo, akaangalia viatu vyangu. Elinipa alikuwa kwenye kibanda cha pumba, anachekecha. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," akaendelea kuchekecha. Mama yake alimwambia kitu kwa Kinyiramba. Mimi ni mtu wa Kintinku, lugha yangu ni Kigogo, na miaka yote hii huku Kinyiramba nakikamata nusu nusu. Nilikamata neno "kiti" tu. Kiti kikaletwa. Sikukikalia.

Bwawa la juu lina perege, la chini lina kambale. Kwa mvua hizi maji ya bwawa la chini yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukizamisha kiganja, vidole vinapotea kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mkono. Nilisogea ukingoni nione vizuri.

"Vua viatu, mwalimu," alisema mama.

"Kwa nini?"

"Wanavisikia. Mtu mgeni akikanyaga ukingo na viatu, wote wanakwenda chini na hawapandi tena. Miguu yangu wanaijua."

Nikavua. Nikakunja suruali. Nikasimama kwenye tope baridi kama mtoto anayesubiri kuambiwa cha kufanya.

Nilimwomba agonge ndoo, lakini nikampangia masharti yangu. Asisimame pale anapolishia kila siku. Akae nyuma ya kibanda, mahali ambapo kivuli chake hakiwezi kufika majini. Na ilikuwa saa nne asubuhi, wakati kambale wake hula jioni. Nilimwambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Akasema, "Haya," akaenda nyuma ya kibanda, akaifudikiza ndoo ya plastiki chini na kuigonga mara tatu kwa kipande cha mti.

Kwanza hakikutokea kitu.

Halafu uso wa maji ukakunjamana upande wa mbali. Kukaja mstari mmoja, mwingine, mitano, yote inaelekea kona ile iliyokuwa karibu na kibanda. Ndevu zikatokea, halafu vichwa bapa, vyeusi, vinafungua midomo. Hakuna aliyewaonyesha kivuli. Hakuna aliyewaletea chakula. Katika maji yale hata kama wangekuwa na macho ya mwewe wasingeona kitu. Waliitwa, wakaja.

Nikainama kuwaangalia.

Mama Elinipa alitokea nyuma ya kibanda, hana hata haraka. "Wameshakuja?" aliuliza, kama unavyouliza chai imeshachemka.

"Weka mkono," akaniambia. "Taratibu. Usiuchezeshe."

Nikachuchumaa nikazamisha mkono. Kwa muda nilihisi ubaridi tu. Kisha kikapita kitu chembamba juu ya vidole vyangu, laini kama uzi uliolowa, kikapita tena, kikafika kwenye kiganja, kikapapasa pete yangu. Kingine kikaja upande wa kidole gumba. Walikuwa wananisoma. Sina neno jingine. Walinigusa kila mahali kwa zile ndevu nane, wakamaliza, wakaona mimi si chakula, wakaondoka.

Mama akafunga utumbo wa kuku kwenye uzi, na kwenye uzi mwingine akafunga kijiwe cha ukubwa uleule alichokizungushia jani. Akavitupa pamoja, hatua tatu kutoka kimoja hadi kingine. Uzi wa utumbo ulivutwa kabla sijahesabu kumi. Ule wa jiwe ulitikisika mara moja tu, ukaachwa.

"Anaonja kabla hajala," alisema. "Ulimi wake uko kwenye ndevu."

Miaka kumi na moja. Nimekula kambale wa ziwa Kitangiri wabichi, wa kukaushwa na wa nazi. Sikuwahi kujiuliza zile ndevu ni za nini. Nilidhani ni sura yake tu, kama mimi nilivyo na pua pana.

Alikataa niondoke bila kula. Akatupa wavu bwawa la juu akatoa perege wawili, akakaa juu ya gogo na kisu. Kabla hajaanza kuparua nikamwomba nimshike mmoja. Nilimgeuza kwenye mwanga, na hapo nikaona kitu ambacho kimekuwa kwenye sahani yangu maisha yangu yote. Ubavuni, kuanzia nyuma ya kichwa, kuna mstari. Ni mwembamba, kama umeshonwa kwa sindano. Unakwenda sehemu kubwa ya mgongo halafu unakatika. Mwingine unaanzia chini yake kidogo, kama mtu aliyeshuka ngazi moja, unaendelea mpaka mkiani. Nilisogeza jicho karibu. Kila gamba kwenye mstari ule lina kitundu chake.

Nilijua jina la mstari huo. Nililiandika kwenye mtihani chuoni nikapata alama zangu. Sikuwahi kuuona.

"Huu, mama, unajua kazi yake?"

"Mimi najua ukiukuta umechubuka, samaki huyo anagonga gonga kingo kama mlevi. Kazi yake utaniambia wewe, mwalimu."

Akapasua kichwa cha perege kwa pigo moja. Chini ya ubongo, kwenye uwazi mdogo wa mfupa, akachokoa kwa ncha ya kisu, akaniwekea kiganjani vijiwe viwili. Vyeupe, vigumu, vidogo kama chenga za mchele, pembeni vina meno meno. Vilikuwa vinafanana kama mapacha, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto.

"Haya mawe kila samaki anayo. Hata kambale, ila yake madogo. Tangu nianze kufuga nayakuta. Sijui ya nini."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeshika sikio.

Nikaweka vile vijiwe juu ya jani, nikasema. Nilisema yote, mama akiwa na kisu mkononi na binti yake akiwa ameacha kuchekecha. Kwamba Elinipa alisema darasani samaki wao wanasikia. Kwamba nilimkatalia, nikawafanya wenzake wamcheke, na kwamba hata jina wanalomwita lilitoka kwenye mdomo wangu, ingawa sikulitamka mimi. Kwamba ameandika sanaa na chanzo ni mimi.

"Nilikosea, mama. Elinipa, nilikosea. Naomba unisamehe."

Nilitegemea mama akasirike. Alimgeukia mwanawe.

"Kumbe ndiyo maana? Mwalimu, huyu wiki mbili hizi nampa kazi ya kulisha, hagongi ndoo. Anatupa pumba kimyakimya, siku nyingine anagonga bila kutupa kitu. Mara asubuhi, mara jioni. Nikamwambia unanivurugia samaki. Nilidhani ni uvivu."

Elinipa alikuwa anaangalia mikono yake yenye pumba. Mama yake akamwambia kitu kwa Kinyiramba, taratibu, na binti akaingia ndani akarudi na daftari la hesabu. Akanipa kwa mikono miwili.

Kurasa tatu za mwisho zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula. Siku. Saa. Nimegonga au sijagonga. Nimetupa chakula au sijatupa. Wamekuja wengi, wachache, hawakuja. Alikuwa amejaribu kugonga upande wa pili wa bwawa. Alikuwa amejaribu kutembea bila viatu, na kwa viatu vya shule. Alikuwa amejaribu kusimama mahali pa kulishia, kivuli chake kikiwa juu ya maji, bila kugonga kitu, na hapo ameandika: *Wamekuja wachache.* Hilo lilikuwa linampinga. Angeweza kuliacha. Ameliandika, na pembeni kwa penseli ameongeza:

*Labda mwalimu amepatia nusu.*

Nilisoma mstari ule mara tatu.

Mimi nilimwambia maneno ya kumfunga mdomo, yeye akayachukua nyumbani akayapima. Nilimcheka mbele ya watu arobaini, naye, peke yake ukingoni, alikuwa ananitafutia mahali ambapo huenda niko sahihi.

Simjui mtu mzima hata mmoja ambaye angefanya hivyo. Mimi sikufanya.

"Utawaambia na wenzangu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliniangalia.

Nikasema ndiyo. Tukala perege na ugali.

Jana baada ya ibada nilitoa sanduku la vitabu vya chuo chini ya kitanda, nikasoma mchana kutwa, simu ikinisaidia pale vitabu vilipochakaa. Nilikuwa kama mtu anayesoma barua alizotumiwa akazitupa bila kuzifungua.

Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na maji, kwa hiyo sauti ikipita majini, samaki mzima anatikisika nayo. Lakini vile vijiwe ni vizito zaidi, vinachelewa. Wakati kichwa kimeshasogea, jiwe bado. Kuchelewa huko kunapinda vinyweleo vidogo vilivyo chini yake, na vinyweleo vinapeleka habari kwenye ubongo. Huko ndiko kusikia kwake. Kambale ana zaidi: ana mfuko wa hewa nyuma ya kichwa unaotikiswa na sauti, na mifupa midogo iliyopangana kutoka kwenye mfuko huo hadi kwenye sikio. Tuna mifupa midogo masikioni na sisi. Niliichora mwenyewe ubaoni siku ile ile niliyosema samaki hasikii.

Na ule mstari wa ubavuni: ndani ya vile vitundu kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna vinyweleo vinavyopindwa na maji yanayosogea. Samaki mwenzake akigeuka pembeni, anajua. Jiwe likiwa mbele, maji yanayorudi kutoka kwenye jiwe yanamwambia. Anaguswa na vitu ambavyo havijamfikia. Ngozi ya kambale, tena, ina vishimo vinavyohisi umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kiumbe aliyejificha kwenye tope. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje, nikatembea kuzunguka nyumba.

Nilikuwa nafikiria neno letu. Tunasema nasikia sauti. Tunasema nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia maumivu. Nimewahi kuwasahihisha wanafunzi kwa hilo, nikiwaambia kila mlango wa fahamu una kitenzi chake. Na kumbe kuna kiumbe kule bondeni ambaye kwake kugusa na kusikia havina mpaka, na kuonja kuko kwenye ngozi, na neno linalomtosha tunalo siku zote.

Leo kipindi cha tatu niliingia Kidato cha Tatu. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nisubiri ipungue. Nilisimama na chaki mkononi nikitamani isipungue.

Nikawaambia. Sikuzunguka. "Wiki mbili zilizopita nilisema samaki hasikii. Nilikosea. Elinipa alisema anasikia. Elinipa alipatia. Nilimjibu vibaya, na nyinyi mkacheka kwa sababu mimi nilitaka mcheke."

Mmoja kule nyuma akaanza kucheka, akakuta yuko peke yake, akaacha.

Nilimwomba Elinipa aje mbele asome daftari lake. Akasema atasomea palepale alipo. Akasoma, siku moja baada ya nyingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, pamoja na pale palipompinga. Nilipitisha vijiwe viwili kwenye karatasi, dawati hadi dawati. Wengine walivishika kwa kucha. Yule aliyeanzisha lile jina la Mama Kambale alivishika muda mrefu kuliko wote, halafu akauliza kama vinakua samaki anapokua. Nikamwambia ndiyo, na ukivikata vina miduara ndani kama mti.

Kisha Elinipa akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mama akimpasua perege, anasikia maumivu?"

Nilifungua mdomo. Jibu la haraka lilikuwepo, liko siku zote, lile la kumaliza kipindi. Nikaliacha.

"Sijui," nikasema. "Wapo wanaosema ndiyo, wapo wanaobisha. Mimi sijui."

Sikumbuki mara ya mwisho kusema neno hilo mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka. Wawili au watatu waliandika kitu kwenye madaftari yao, na ningependa sana kujua waliandika nini.

Saa tisa, kabla orodha haijafungwa, Elinipa alikuja mlangoni kwa mwalimu wa taaluma akaomba kalamu. Mimi nilikuwa nasahihisha kwenye meza ya pembeni, nikainamisha kichwa kama sioni. Alikata pale alipokuwa ameandika sanaa, akaandika upya, akarudisha kalamu. Alipokuwa anatoka akasimama karibu yangu.

"Mwalimu, ile miduara ya kwenye jiwe. Ukiihesabu unaweza kujua mwaka ambao maji yalikuwa mabaya?"

"Nadhani unaweza. Itabidi tutazame."

"Haya," akasema, vilevile kama mama yake, akaenda zake.

Nimekaa hapa tangu nitoke shuleni. Jirani anaswaga mbuzi, watoto wanarusha tope. Ninaandika na kusimama, naandika na kusimama. Sina hamu ya kujisifu kwamba nimeomba radhi; radhi ilikuwa deni la wiki mbili na bado jina lile litamfuata siku kadhaa. Kinachonikalisha hapa ni hofu nyingine, na mshangao ambao siwezi kuutenganisha na hiyo hofu. Dunia imejaa kiasi hicho, chini ya maji ya rangi ya chai, dakika ishirini kwa miguu kutoka ubaoni kwangu.

Kesho asubuhi nina Kidato cha Pili, mada ni mizizi. Notisi zake nazijua kwa kichwa. Nimeamua kwamba kabla ya kengele nitapita shambani ning'oe mmea mmoja, niutikise udongo, niutazame kweli.

Ni mambo mangapi mengine ninayafundisha ambayo sijawahi kuyaona?